Kaseti ya Mama Mkwe

Wewe unayenisikiliza, tulia kidogo kabla sijaanza. Usifunge dirisha wala kuzima chochote. Sikiliza tu hapo ulipo. Pengine kuna friji inayonguruma, kuku anayetafuta pa kutagia, jirani anayeburuta kiti. Kila mahali pana sauti yake ya chini ambayo hatuisikii kwa sababu haikomi. Mimi niko Kibwezi, na yangu ni malori. Yanapita barabara ya Mombasa mchana kutwa, na kila moja likibadilisha gia, kioo cha dirisha langu hujibu kwa mtetemo mdogo. Nimebana matambara kwenye pembe za fremu. Nimebana mengine. Sidhani nimewahi kukaa katika chumba changu cha kurekodia bila kuinuka kwenda kukishika kioo.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mahindi. Sasa kimezungushiwa blanketi kuukuu, kina meza, kompyuta, maiki moja nzuri na kisanduku kidogo kinachogeuza sauti kuwa namba. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Jumamosi hurekodi kwaya za makanisa ya huku, na wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano ya mashairi. Pembeni, juu ya kreti ya soda, ipo deki ya kaseti iliyotupwa na kanisa moja liliponunua vyombo vipya. Watu wakiiona hucheka.

"Mwalimu, hii unaingoja irudi fasheni?"

Huwajibu kwamba haijawahi kuondoka kazini.

Acha nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini nilihangaika vile. Kompyuta hupokea sauti kama debe linavyopokea maji. Likishajaa, tone moja zaidi humwagika, na sauti iliyomwagika hukwaruza sikio. Utepe wa kaseti ni kama kiondo cha kusukwa. Ukizidisha mahindi hakimwagi upesi, kinatanuka kwanza. Mwimbaji akipaza sauti sana, utepe haumkati. Unambana kidogo, unalainisha pembe zilizo kali, na unamwachia kivuli chembamba cha sauti juu ya sauti yake. Kwa hiyo mimi hurekodi kwa kompyuta, kisha huipitisha ile sauti kwenye deki ikaandikwe kwenye utepe, kisha huisoma kutoka kwenye utepe na kuirudisha kompyutani. Hurudi na mvumo kwa chini, kama mtu anayepepeta mtama chumba cha pili. Lakini iliyoingia imekonda hutoka kama imekula.

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia juu ya sauti ya mama yake, nilidhani dawa ninayo tayari.

Mama mkwe wangu anaishi nje kidogo ya Mwingi, upande wa barabara ya Garissa. Kwa miaka mingi alikuwa na goita, uvimbe wa shingoni, akiifunika kwa leso na kutoiongelea. Kisha ikaanza kumbana pumzi. Daktari wa Nairobi akampangia upasuaji, na kwa kuwa alikuwa daktari mkweli, akamweleza kwamba mishipa ya sauti hupita papo hapo penye kisu. Wengi hutoka na sauti zao, akasema, lakini wako wanaotoka na nyingine, na wako wanaobaki na mnong'ono.

Kanisani kwao yeye ndiye mwanzilishi wa nyimbo. Asipoanza, wengine hukohoa na kutazamana. Hata hivyo mke wangu hakuwa akiwaza nyimbo za kanisani, kwa maana hizo zinajulikana na watu wengi. Aliwaza wimbo wa mchanga.

Utotoni mwake, miezi ya ukame, mto wa kwao ulikuwa mchanga mtupu, na maji yalichimbwa chini yake kwa kata na mikono. Aliyefika wa kwanza alipata maji safi. Mama yake aliwatoa watoto kitandani na kuwaongoza kwa wimbo alioutunga mwenyewe, wa kuwafanya watembee upesi bila kulia. Ulianza na neno moja la Kikamba, *Ukai*, yaani njooni, alilolivuta kama mtu anayevuta kamba ya ndoo. Halafu yakafuata maneno ya kuhimiza: mchanga bado una maji, punda wa jirani hajatutangulia.

"Huo wimbo hauko kwenye kitabu," mke wangu akaniambia. "Hauko kwa mtu mwingine. Uko kwenye hiyo shingo tu."

Alikuwa amejaribu kwa simu. Mama yake aliishika simu kama kiazi kilichotoka jivuni, akaimba nusu ya wimbo kwa sauti ya kuomba radhi, kisha akauliza itapelekwa kwa nani. Sauti za simu, alisema, hufika kwa watu kabla hazijapoa. Ile simu nayo ilikuwa ya zile zinazosafisha sauti zenyewe. Ilidhani pumzi yake ni upepo, ikaifuta, na maneno mengine yakafutwa pamoja nayo.

Basi tukapakia maiki na kompyuta kwenye gari, tukashika barabara ya Mutomo hadi Kitui, tukaendelea hadi Mwingi. Njia nzima niligusa breki pasipo sababu. Mke wangu akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia sijasahau. Baadaye nikasimamisha gari kuhakikisha.

Nilichokuwa nimekisahau hakikuwa cha kupakiwa. Kikamba kina neno *nthoni*. Ni haya na heshima katika neno moja, nalo hukaa hasa kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Zamani wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Sisi wa makanisa tumelegeza mengi, na mama mkwe hunisalimia vizuri, hunitumia maembe na ndengu. Lakini hatukai chumba kimoja tukatazamana, wala sijawahi kula akiniangalia. Akiwa na la kuniambia, humwambia mke wa mwalimu, hata kama mwalimu yuko karibu kuliko mkewe. Hakuna aliyekasirika. Ndivyo tunavyopendana.

Sasa fikiria mashine ninayoileta. Maiki hutaka mdomo uwe karibu, upana wa kiganja. Na mimi, ili kuhakikisha kazi inakwenda, huvaa hedifoni, na hedifoni humleta mwimbaji ndani kabisa ya sikio, na mate yake anayomeza, na pumzi anayovuta kabla ya neno.

Nilikaa sebuleni. Yeye alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, pamoja na mke wangu na mama wawili wa kwaya waliokuja kumtia moyo. Waya wa maiki ulipita chini ya pazia. Nikavaa hedifoni, nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini:

"Anasikia nikipumua?"

"Ndiyo, mwaitu," mke wangu akajibu. Ndivyo tunavyowaita mama zetu.

Nikasikia kiti kikiburutwa nyuma. Kikaburutwa tena.

"Na sasa?"

"Bado anasikia kidogo."

Kiti kikaenda hadi ukutani. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Dada, ukirudi nyuma tena utaimbia Garissa," na wote wakacheka, naye akacheka, na kicheko hicho nilikinasa vizuri kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Aliimba. Nilijua tangu mstari wa kwanza kwamba kazi imeharibika, na sikuweza kuingia kumsogeza. Nilituma ujumbe kwa mdomo kupitia pazia, ujumbe ukarudi na adabu nyingi na kiti kikiwa palepale. Nilipowachezea kwa spika, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema na mke wangu:

"Mwambie mwalimu ahsante. Lakini huyo ni nani? Anasikika kama mtu anayetangaza msiba redioni."

Nikajibu upesi, kwa ile furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali analolijua. "Msijali kabisa. Sauti ya kompyuta huwa baridi hivyo. Nikifika nyumbani nitaitia uvuguvugu."

Nyuma ya pazia pakawa kimya. Ukimya wa watu waliookoka.

"Amesema nini?"

"Vuguvugu," mama wa kwaya akanong'ona.

Kama umelelewa katika makanisa yetu, unajua vuguvugu katika Biblia ni muumini asiye baridi wala moto, na unajua hutapikwa. Hakuna mhubiri wa Ukambani ambaye hajaitumia kutikisa watu. Nami nilikuwa nimemwahidi mwanzilishi wa nyimbo kwamba nitampeleka Kibwezi nikamfanye vuguvugu.

"Mwambie mwalimu," mama mkwe akasema, na nikasikia anavyojizuia kucheka, "mimi nikienda mbele za Bwana na hii shingo, heri niende baridi. Angalau baridi inajulikana."

"Nilimaanisha joto," nikapaza sauti. "Ujoto! Ujoto wa sauti!"

"Joto? Mwambie hapa Mwingi joto tunalo la kutosha. Asijichoshe kutuletea la Kibwezi."

Walicheka mpaka mmoja akaanza kukohoa. Mimi pia nilicheka, lakini mikono yangu ilikuwa tayari inakunja waya. Nilitaka kufika kwenye deki yangu.

Wiki iliyofuata sikutulia. Nikitoka darasani nilienda moja kwa moja kwenye kile chumba. Niliipitisha sauti yake kwenye utepe mara ya kwanza kwa upole, ikatoka vilevile. Nikaisukuma zaidi, ikatoka na ukuta: ule ukuta wa chumba cha ndani, alipokuwa ameegemeza kiti, sasa ulisikika mnene kuliko yeye. Nikabadilisha kaseti. Nikasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Nikainuka, nikashika kioo. Kisha mkanda wa mpira unaozungusha deki ukalegea, na mama mkwe akaanza kuimba kama mtu anayetembea matopeni. Nikaichukua deki nikaipeleka Kitui mjini kwa fundi wa redio ninayemfahamu. Aliifungua, akaunusa ule mpira, akasema, "Huu umezeeka kama mimi, mwalimu, lakini mimi nina akiba." Akatoa mwingine. Nikarudi, nikaanza upya.

Mke wangu hupima mtama katika kituo cha utafiti pale Kiboko, na hurudi jioni akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Siku moja alisimama mlangoni bila kuvua viatu, akasikiliza.

"Hiyo ni ya ngapi?"

"Nimebadilisha kiwango tu kidogo."

"Baba watoto." Alikaa juu ya gunia. "Wewe umemrekodi akiwa mbali. Sasa unataka kaseti imlete karibu?"

Nikaizima deki. Utepe hunenepesha kile unachopewa. Ukiupa sauti, utanenepesha sauti. Ukiupa umbali, utanenepesha umbali. Ukitia sukari kwenye chai iliyopoa, unapata chai iliyopoa yenye sukari. Nimewaambia wanafunzi mambo ya namna hiyo kwa miaka, kuhusu lenzi, kuhusu nyaya, na bado nilikuwa nimekaa pale nikikoroga.

"Basi uende peke yako umrekodi," nikasema. "Mimi nibaki."

"Nilishamuuliza. Anasema hata nikienda peke yangu, hiyo maiki ni sikio lako. Anasema akipumua, wewe uko upande ule mwingine."

Siku ya hospitali ilikuwa imekaribia. Nilizunguka tangi la maji nje, nikarudi ndani, nikazima mashine, nikaiwasha. Sikuweza hata kusahihisha madaftari. Mke wangu ndiye aliyekumbuka, akiwa anaosha vyombo, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka kifuniko.

"Mwaitu alikuwa anarekodi mahubiri. Kulikuwa na redio kaseti nyumbani. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Alijua kubonyeza vile viwili pamoja."

Niliacha kuzunguka.

Tulimpigia simu, mke wangu akizungumza, mimi nikisikiliza kutoka mlangoni. Akamweleza: tutaleta redio kaseti, tutakuachia, tutaondoka. Utaimba ukitaka, ukiwa peke yako. Utajisikiliza. Ukiridhika, utatukabidhi kaseti. Usiporidhika, utafuta.

Mama yake akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mwalimu ataisikia?"

"Ataisikia baadaye, mwaitu. Akiwa Kibwezi."

"Ikiwa imekwisha kuimbwa."

"Ndiyo. Imekwisha."

"Basi hiyo ni sawa." Na akaeleza, polepole, kana kwamba mtoto wake ndiye aliyekuwa mgumu wa kuelewa: mkwe anaweza kula chakula kilichopakuliwa, akakisifu, akaomba tena. Kukaa jikoni wakati kinapikwa, ndiyo haiwezekani.

Nilikuwa nimesoma mengi juu ya utepe na ujoto wake, na hakuna mahali nilipokuwa nimekutana na hilo.

Fundi wa Kitui alikuwa na redio kaseti yenye tundu la maiki. Niliijaribu, nikasafisha kichwa chake, nikaitia betri mpya ili umeme wa ukutani usiingize mngurumo wake. Kaseti isiyorekodiwa niliipata Mwingi kwenyewe, katika duka la Biblia, ikiwa bado kwenye nailoni yake, nyuma ya rundo la kalenda. Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Mbuzi walikuwa wamejaa barabarani, na nilipiga honi ambazo hazikumsaidia mtu.

Nilikaa sebuleni nikaeleza kupitia pazia. Sijawahi kufundisha somo gumu kama lile. Nilieleza maiki ishikwe wapi. Nilieleza vitufe viwili, chekundu na kile cha kuchezea, vibonyezwe pamoja. Mke wangu aligeuza kila sentensi kuwa Kikamba, na kutoka ndani likaja jibu moja kila mara: "Najua." Kumbukumbu ya vidole vyake ilikuwa sawasawa, nilisikia kitufe kikibonyezwa na kuachiliwa kwa uhakika wa mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

Mwisho nikasema, "Mwambie akishabonyeza, asubiri kidogo kabla ya kuimba."

Mke wangu, aliyekuwa tayari ameshika funguo za gari, akasema kupitia pazia kwamba mwalimu anaomba usubiri kidogo ndipo uimbe.

"Nitasubiri," mama mkwe akajibu. "Mwambie asiwe na wasiwasi. Nitasubiri vizuri."

Tulilala kwa shemeji zangu Kitui. Asubuhi mama mkwe alipita kwenye gari la jamaa lililopitia Kitui kwanza, akielekea Nairobi. Gari lilisimama kando ya barabara, mke wangu akaenda dirishani. Mimi nilibaki nyuma, ng'ambo ya barabara, mahali panapofaa, nikainua mkono. Naye akainua. Mke wangu alirudi na kaseti ikiwa imefungwa kwenye leso.

Tukafika Kibwezi nikamwachia chumba. Ilionekana si haki mimi nisikie kwanza. Nilimwekea kaseti, nikatoka, nikafunga mlango. Nilizunguka tangi. Nikakaa kwenye kizingiti, nikainuka. Lori likapita na nikalichukia. Kupitia ukutani nilisikia kitu kikisogea, juu na chini, bila maneno, kama unavyosikia watu wakizungumza kwenye nyumba unayoikaribia.

Alitoka macho yakiwa mekundu.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Lakini neno la kwanza halipo."

Niliingia nikabonyeza. Kimya. Kisha, ghafla, katikati ya pumzi, sauti ya mwanamke aliye karibu nawe, karibu kiasi kwamba nilirudisha kichwa nyuma: *mchanga bado una maji*. Pale alipopaza, utepe ulimpokea na kutanuka kama kiondo, bila mkwaruzo. Kulikuwa na kuku. Kulikuwa na pumzi, nyingi na fupi, za mtu anayebanwa shingo, ambazo simu ilikuwa imezifuta. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa *Ukai*.

Nilitoa kaseti nikaiangalia dhidi ya mwanga, na nikaelewa. Mwanzo wa kaseti si utepe. Ni kipande cha plastiki angavu kinachoushikilia utepe kwenye gurudumu lake, na plastiki hiyo haina unga wa kahawia unaoshika sauti. Chochote unachokiimba wakati inapita hakiandikwi. Ndiyo maana nilisema asubiri. Mkono wangu mwenyewe husogeza kaseti mbele bila mimi kuutuma, kwa hiyo sikufikiri kueleza zaidi.

Mke wangu alipompigia, kabla hajaingizwa wodini, nilisikia jibu kutoka pale nilipokuwa.

"Lakini nilisubiri! Nilikaa kitandani nikasubiri mpaka gari likatoka. Nikasubiri mpaka nikajua mwalimu amepita soko. Na mbuzi wote wale! Ndipo nikabonyeza nikaanza."

Mwambie mama mkwe wa Kikamba asubiri kidogo kabla ya kuimba, naye atajua unachoomba: asubiri mkwe afike mbali. Alikuwa ametii kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

Hakukuwa na kurudia. Siku ya upasuaji nilikuwa na vipindi, nikawafundisha kidato cha pili somo nililowafundisha jana yake, na hawakuniambia hadi mwisho. Jioni habari zikaja kwamba ametoka salama. Kuhusu sauti, tungojee.

Tukiwa tunangoja nilijaribu kulirekebisha lile neno. Nilikuwa nalo, unakumbuka, katika rekodi ya kwanza, lile la kutoka ukutani. Nililikata nikalipandikiza mbele ya wimbo. Likakaa kama kiraka cha bati kwenye paa la nyasi. Nikalipitisha kwenye deki, mara moja kwa upole, mara nyingine kwa nguvu, kisha nikaongeza mvumo wa kaseti chini yake ili vifanane. Lilikaribia. Mtu wa nje asingejua. Mke wangu alilisikiliza akaweka hedifoni mezani.

"Huyo anaita akiwa na kiti nyuma," akasema. Nikalifuta.

Sauti ya mama mkwe ilirudi polepole, na haikuwa ileile. Ilikuja chini, nzito, yenye mikwaruzo, na ile ngazi ya juu aliyokuwa akipanda kila Jumapili haikuwepo tena. Kanisani sasa huanza mwingine. Yeye huimba katikati, na anasema hapo katikati kuna kivuli.

Tulikwenda kumwona. Nilikaa nje upande wa tangi lao la maji, karibu na dirisha la chumba cha ndani, penye kiti changu cha siku zote. Redio kaseti ilikuwa bado kwake. Mke wangu alitaka kumwonyesha jinsi ya kuruka ule mwanzo mtupu ili wimbo uanzie moja kwa moja kwenye mchanga, na nikamsikia mama yake akimzuia.

"Uache. Hapo ni pangu."

Kitufe kikabonyezwa. Katika kile kimya ambamo plastiki inapita, kabla ya utepe kufika, alilivuta neno lake kwa sauti mpya, ya chini, iliyochubuka, *Ukai*, akalivuta hadi likafika, na ile sauti yake ya zamani ikalipokea kutoka mkononi mwake ikaendelea: mchanga bado una maji. Wala hapakuwa na mshono. Mimi, niliyejaribu kuuficha mshono huo wiki nzima kwa mashine, sikuusikia.

Najua hakuwa akiniita mimi. Hata hivyo nilikuwa nimesimama.

Siku hizi, kila mtu anayekuja kwangu na kaseti mpya mkononi namweleza jambo hili kwanza, hata kama ana haraka, hata kama anajua. Na wewe pia. Chukua kalamu, ichomeke kwenye tundu la gurudumu la upande utepe unakokwenda, uzungushe taratibu ile plastiki angavu mpaka iishe na uone kahawia. Ndipo ubonyeze vitufe viwili pamoja, usogee karibu, uanze.